Wafamasia na watoa dawa: vidonge vya usingizi na vya akili vinafika mtaani kupitia madirisha yetu

Mfamasia wa Zamu (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni mfamasia, nipo Dar, kwenye famasi ya rejareja ya barabarani, siyo ya hospitali. Uzi huu ni kwa wenzangu wa fani na kwa yeyote mwenye mgonjwa wa akili au wa kifafa nyumbani. Ni mrefu, naomba mnivumilie.

Vikitajwa vidonge vya kulevya, watu wote macho yao yanakwenda bandarini na mipakani. Huko nako yapo yake. Lakini diazepamu ninayoiona ikiharibu watu kwenye mtaa wangu haikuletwa na magendo. Imetengenezwa kihalali, imesajiliwa, imeuzwa na duka la jumla lenye kibali, ikapangwa kwenye rafu, na mtu mwenye koti jeupe akaitoa dirishani. Huyo wa mwisho ni sisi. Mteja akishatupita sisi, hakuna tena wa kumuuliza.

Tuanze na dawa zenyewe. Diazepamu, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Valium, ipo sokoni tangu 1963 na ni dawa nzuri sana. Inakata degedege, inamvusha salama mtu anayeacha pombe ya muda mrefu, inalegeza misuli iliyokaza. Ubaya wake ni kwamba mwili unaizoea upesi. Ukiimeza kila siku kwa wiki kadhaa, dozi ya mwanzo inaacha kutosha, na ukiikosa unakuwa mbaya kuliko ulivyokuwa kabla hujaanza. Ndiyo maana Uingereza tangu 1988 wataalamu wao wa usalama wa dawa walishauri kundi hili la dawa, yaani benzodiazepini, litumike kwa wiki 2 hadi 4 tu, na 2020 Marekani ikaagiza dawa zote za kundi hili zibebe onyo kali kuhusu uraibu. Hapa kwetu nina wateja wanaoimeza kwa miaka, na hakuna aliyewahi kuwaambia neno.

Ya pili ni Artane, yaani benzheksoli, wengine wanaiandika trihexifenidili. Hii anapewa mgonjwa anayetumia dawa za ugonjwa wa akili kama haloperidoli, klopromazini au ile sindano ya flufenazini ya kila mwezi, ili asikakamae, asitetemeke mikono, shingo isipinde. Ni msaidizi wa dawa nyingine, haitibu ugonjwa wa akili wenyewe. Lakini asiyeihitaji akiimeza kwa wingi inamchangamsha, kisha inamletea maruweruwe, na vijana wameshalijua hilo. Akija dirishani mwangalie usoni kabla hujaangalia cheti cha daktari: mboni zimetanuka, midomo imekauka mpaka inanata, anaongea harakaharaka na hatulii mahali pamoja.

Ya tatu ni fenobabitali ya wagonjwa wa kifafa. Hiyo nitairudia, maana kosa letu kwenye hiyo ni la upande mwingine kabisa.

Sasa, mteja mwenyewe ni nani? Tumezoea kumwogopa kijana mwenye macho mekundu. Huyo anaonekana, na wengi tunamkatalia. Anayetupita kila siku ni mtu wa heshima zake. Ni mama wa makamo aliyefiwa na mume, ndugu wakamtafutia kidonge alale siku za msiba, matanga yakaisha yeye akaendelea. Ni dereva wa lori anayetafuna mirungi usiku ili asisinzie, akifika anataka kitu cha kumlaza. Ni mwalimu mstaafu ambaye cheti chake kilikuwa cha siku tano, akakitia nailoni kama kitambulisho na anakionyesha kila mwezi. Huyo mwalimu yupo. Karatasi imekatika kwenye mikunjo, mhuri umefifia umebaki duara la bluu, tarehe haisomeki tena, lakini neno diazepamu linasomeka vizuri. Alikuwa amezunguka famasi zote za barabara yetu, na kila duka lilijiona linamuuzia mara moja tu.

Vyeti vya kughushi navyo vina alama zake. Namba 10 iliyoongezwa sifuri ikawa 100: tazama wino, tazama na nafasi, maana sifuri iliyochomekwa baadaye inabanana na neno linalofuata. Cheti kilichotolewa kopi kisha kikapigwa mhuri juu. Cheti cha daktari wa macho kinachoagiza Artane. Na ukitaka kuhakikisha, usipige namba iliyoandikwa kwenye cheti hichohicho, maana atapokea rafiki yake. Tafuta namba ya hospitali kwa njia yako.

Na hapa ndipo sababu hasa ya kuleta uzi huu. Wenzangu wengi wakishagundua, wanafoka, wanamfukuza mtu mbele ya wateja wengine na kujiona wametimiza wajibu. Jamani, aliyezoea diazepamu kwa miezi akikatishwa ghafla anaweza kupata degedege na kufa. Mateja wa heroini tunaijua arosto yao, yaani mateso ya kuikosa dawa waliyoizoea, inatesa vibaya, lakini arosto ya vidonge hivi na ya pombe ndizo zinazoweza kumuua mtu zenyewe kwa kifafa. Ukimfukuza hujamzuia. Atanunua kwa anayeuza kwenye soksi pale stendi, bila kujua amepewa nini. Kazi yetu ni kumkalisha pembeni, kumuuliza, kumwandikia barua ya kumpeleka kwa daktari, na kumpigia huyo daktari ili asiende akapotea njiani.

Mambo ninayoyafanya mimi si makubwa. Namuuliza dawa ni ya nani, ya nini, ameanza lini, anakunywa nini kingine, pombe je? Nauliza kwa sauti ya chini, kwenye ile kona ya kupimia presha, siyo pale kwenye foleni. Nikitoa, naandika juu ya cheti chake kwa kalamu ya wino: imetolewa, tarehe, idadi, jina la famasi, na mhuri wetu. Mstari huo mmoja unakifanya cheti kisizunguke mtaa mzima. Dawa zenyewe zinakaa kwenye kabati lenye kufuli, rejesta ipo juu yake, na hesabu ya vidonge inafungwa jioni kabla ya hesabu ya pesa. Kwa mgonjwa aliyekata tamaa na maisha, hata kama cheti ni cha mwezi, naongea na daktari nimpe ya wiki wiki, na dawa anakaa nazo ndugu.

Kisha kuna hili la vyeti vya ukutani, na lazima lisemwe. Sheria ya Famasi ya 2011 inataka famasi iwe na mfamasia msimamizi. Nendeni mkaangalie. Picha na usajili vimetundikwa ukutani, mwenyewe hayupo, anapita mwisho wa mwezi kuchukua posho yake. Dirishani kuna binti aliyemaliza kidato cha nne ambaye hakuna aliyemfundisha tofauti ya Artane na Panadol. Halafu tunashangaa. Mfamasia mwenzangu unayekodisha jina lako, kila kidonge kinachotoka pale kimetoka kwa jina lako.

Naomba kuwasilisha. Karibuni tujadili.

---

Mzee wa Duka

Mkuu umeongea ukweli ila umeongea kama mwajiriwa. Mimi ndiye ninayelipa kodi ya fremu. Nikimkatalia anavuka barabara, anapewa na jirani yangu, na kesho hata dawa ya mafua anakwenda kununua hukohuko. Nikiwa peke yangu mwaminifu mtaa mzima, nimemsaidia nani?

Mfamasia wa Zamu

Mzee wangu, shikamoo. Hoja yako ni ya haki na sitaipita juu juu. Kwetu tulilimaliza hivi: nilikwenda kwa wafamasia wa barabara yetu, mmoja mmoja, tukafungua kundi la WhatsApp. Jina la mgonjwa haliwekwi humo hata siku moja, ugonjwa wa mtu ni siri yake. Kinachowekwa ni cheti chenye walakini: jina limezibwa, mhuri unaonekana, na neno moja, "kinazunguka." Akivuka barabara anakuta swali lilelile. Baada ya muda hata yule jirani aliyekuwa anauza ovyo aliomba kuingia, kwa sababu wakaguzi walikuwa wameanza kupita na rejesta yake ilikuwa tupu.

Halafu mzee, faida ya diazepamu ni ndogo. Kidonge chake ni cha bei rahisi. Unachokiogopa kukipoteza ni yule mteja, na mteja anayekaa ni yule uliyemkalisha ukamsikiliza.

---

Bint Mvita

Salamu kutoka Mombasa. Huku kwetu neno ni bugizi. Asili yake ilikuwa Rohypnol, siku hizi kidonge chochote cha kulewesha watoto wa mtaani wanakiita hivyo. Nimekulia Kisauni, nimeona kizazi kizima cha vijana wakitembea kama wamefungwa mawe miguuni. Wakimeza wanakuwa hawana huruma, wanafanya mambo na kesho yake hawakumbuki. Kisha kuna hawa wa mchele, wanaowatilia watu kwenye vinywaji na kuwaibia. Mtu anaamkia hospitali au haamki kabisa.

Nauliza: dawa ile inatoka wapi ikiwa madaktari hawaiandiki?

Mfamasia wa Zamu

Dada, kitu kile chenyewe ni flunitrazepamu. Ina nguvu kuliko diazepamu, na 1995 ilipandishwa kwenye mkataba wa kimataifa wa 1971 wa dawa zinazoathiri akili, ikawekwa daraja lenye udhibiti mkali kuliko ndugu zake wote wa kundi hilo. Ulichosema ni kweli: jina la bugizi limebaki, kilichomo ndani kinabadilika. Leo ni klonazepamu, kesho diazepamu, keshokutwa Artane. Flunitrazepamu ikibanwa, mtaa unahamia kwenye kile ambacho famasi bado zinakitoa kirahisi. Kwa hiyo ukiona ghafla vijana wasiokujua wanaulizia dawa moja ya akili kwa jina, tena wanajua na miligramu zake, hapo mtaa umeshahama, na wewe wa dirishani ndiye wa kwanza kujua. Waarifu wenzako na uwaarifu wasimamizi. Kwenu ni Bodi ya Famasia na Sumu, kwetu ni Baraza la Famasi na TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba), na zikiwa biashara za jumla za kificho, ni Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya.

Na la mchele: anayekuja kuulizia kidonge kisicho na ladha, kinachoyeyuka haraka, huyo haumwi. Funga kabati.

---

Mama Nuru

Nashukuru kwa uzi huu. Kaka yangu anaumwa skizofrenia mwaka wa kumi na kitu sasa, tulianzia Mirembe Dodoma, sasa anahudhuria kliniki hapa mkoani. Kuna kipindi alikuwa anarudi kutoka kliniki na dawa, baada ya siku chache Artane zimeisha lakini haloperidoli zimejaa. Tukadhani anazimeza zote kwa mpigo. Kumbe wale vijana wa kijiweni walikuwa wanamnunulia soda na sigara na kuzichukua. Kaka yangu mpole, hajui kukataa. Akawa anakakamaa, taya linakaza, hasemi vizuri, na kwa kuwa haloperidoli ilikuwa inamkakamaza akaiacha nayo. Ugonjwa ukarudi wote.

Aliyegundua ni mtoa dawa wa pale hospitali. Aliona tunarudia Artane kabla ya tarehe, hakutusema vibaya, akaniomba nilete dawa zote zilizobaki nyumbani akazihesabu mbele yangu mezani. Hapo ndipo picha ikaonekana. Tangu siku hiyo dawa nakaa nazo mimi, anapewa asubuhi na jioni, na daktari akampunguzia haloperidoli ili Artane isihitajike sana.

Naomba msiwatazame wagonjwa wetu kama wezi wa dawa. Wengine wanaibiwa wao.

Mfamasia wa Zamu

Mama Nuru, pole kwa uuguzaji, na Mungu amtie nguvu kaka yako. Wenzangu someni hapo mara mbili: *akaniomba nilete dawa zilizobaki akazihesabu.* Yule mtoa dawa hakuhitaji kifaa wala semina. Aliangalia tarehe ya mwisho ya kutoa dawa, akaona haiendani na idadi ya vidonge. Kila mwenye rejesta anaweza.

Na uzito wa dawa iliyobaki ni uleule wa dawa iliyozidi. Mgonjwa wa akili anayerudisha haloperidoli nzima naye anatumia dawa vibaya, na naye ni wetu.

---

Dada Songea

Mimi ni mtoa dawa wa duka la dawa muhimu. Kwa wasiojua, maduka haya ya DLDM yalianzia huku kwetu Ruvuma 2003. Sisi tuna orodha yetu, kisichomo hatuuzi. Vidonge vya usingizi wanakuja kuulizia, tunawaelekeza. Kinachonitesa mimi ni kingine: akina mama wanaotaka dawa ya kumlaza mtoto. Anasema mtoto hana mafua wala mzio, analia tu usiku na yeye alfajiri anakwenda sokoni. Wanataka prometazini ya maji, ile dawa ya mzio inayoleta usingizi. Wengine dada wa kazi anatumwa, anasema ametumwa na bosi, na mimi nina wasiwasi bosi hajui lolote.

Mfamasia wa Zamu

Ahsante sana kwa kuleta hili, dada. Prometazini haipewi mtoto chini ya miaka 2 kabisa, kuna watoto pumzi zao zimekatika usingizini, na Marekani iliweka onyo la namna hiyo tangu 2004. Na mkubwa kuliko huyo hapewi kwa ajili ya kumnyamazisha. Mama aliyechoka usimhukumu, muulize mtoto ananyonyaje, ana homa, masikio je, tumbo je? Mara nyingi kilio kina sababu na ukiipata umemsaidia kuliko chupa. Akija dada wa kazi, omba namba ya mama mwenyewe na umpigie hapohapo mbele yake.

---

Tabibu wa Wilaya

Mimi ni daktari, naomba na upande wetu usemwe. Vyeti vingi vya diazepamu tunaviandika wenyewe. Mgonjwa amekaa foleni tangu asubuhi, analia, kafiwa, nyuma yake kuna wengine sitini, kidonge ni cha haraka kuliko mazungumzo. Shirika la Afya Duniani 2013 lilishatoa mwongozo kwamba aliyefiwa asipewe dawa za kundi hili kwa ajili ya majonzi kama hana ugonjwa wa akili. Majonzi siyo ugonjwa. Tunajua na bado tunaandika.

Ombi langu kwa wafamasia: tupigieni. Mkiona nimeandika diazepamu kwa mgonjwa anayetumia na tramadoli, ile dawa kali ya maumivu, msitoe mkanyamaza, maana viwili hivyo pamoja vinaweza kuzima pumzi. Wapo wenzangu watakaofoka kwenye simu. Pigeni hivyohivyo.

Mfamasia wa Zamu

Daktari, nakushukuru kwa dhati. Nina miaka kwenye kazi hii na simu ya kumrekebisha daktari bado inanitia jasho. Ninachofanya siku hizi ni kuanza na mgonjwa: "Daktari, nina mgonjwa wako hapa, ana tramadoli kutoka kwingine, nilidhani hukuambiwa." Wengi wanashukuru.

Na mzee akiwa na miaka zaidi ya 65 nakuombeni muangalie mara mbili. Diazepamu inakaa mwilini mwa mzee siku nyingi, anaamka usiku kwenda msalani, anaanguka, nyonga inavunjika. Familia inasema ni uzee.

---

kijana_tandika

Samahani naomba kuuliza na naomba msinicheke. Mama yangu anameza diazepamu miaka minne sasa. Alianza na kimoja, sasa ni vitatu usiku. Baada ya kusoma uzi huu nataka nizifiche zote leo. Nifanye hivyo?

Mfamasia wa Zamu

Hapana mdogo wangu, usizifiche. Nimefurahi umeuliza kwanza. Miaka minne, dozi imepanda, mwili wa mama unazitegemea. Ukimkatisha leo, ndani ya siku chache anaweza kutetemeka, kutokwa jasho, kukosa usingizi kabisa, kuchanganyikiwa, na kupata degedege. Likitokea lolote kati ya hayo ni dharura, unakimbia hospitali.

Mpeleke kwa daktari wiki hii, ikiwezekana kwenye kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya wilaya au mkoa, nenda na vidonge vyenyewe mkononi. Miongozo ya sasa inashauri dozi ipunguzwe taratibu: kwa kuanzia asilimia 5 hadi 10 kila baada ya wiki mbili hadi nne, kufuatana na anavyojisikia. Anayepanga ni daktari, siyo wewe wala mimi huku mtandaoni. Kwa miaka minne inaweza kuchukua miezi mingi. Usimfokee. Hakuanza kwa kutaka kulewa, alikuwa anatafuta usingizi, na kilichomkosesha usingizi miaka minne iliyopita huenda bado kipo. Muulize hicho.

Ukienda, mwambie daktari kama anakunywa pombe hata kidogo, kama ana kifafa, na kama ana dawa nyingine za presha au maumivu.

kijana_tandika

Hana kifafa. Pombe hanywi. Tunakwenda Jumatatu. Ahsante sana kaka.

---

Mzee wa Duka

Nimesoma yote. Umesema utarudi kwenye fenobabitali na hujarudi.

Mfamasia wa Zamu

Kweli mzee, ahsante kwa kunikumbusha. Fenobabitali ni dawa ya kale ya kifafa, ya bei nafuu, na kwa watu wengi vijijini ndiyo pekee wanayoimudu. Ipo chini ya mkataba uleule wa 1971 kwa sababu inaweza kulevya. Sasa kuna famasi, kwa kuogopa wakaguzi na usumbufu wa rejesta, zimeacha kabisa kuiweka. Mzazi anazunguka mji mzima na cheti halali cha mtoto wake, kila dirisha linamwambia hatuna, na wengine wanamtazama kwa jicho la mashaka. Mtoto wa kifafa akikosa fenobabitali ghafla anaweza kuingia kwenye degedege lisilokatika, na hilo linaua au linaharibu ubongo.

Kwa hiyo mzee, ukiweza, iweke. Kabati lenye kufuli unalo, rejesta ni daftari na kalamu. Waandikishe wagonjwa wako wa kifafa, ujue tarehe zao, uagize kabla haijaisha. Mwenye cheti halali atoke kwako na dawa yake bila kuulizwa maswali ya polisi.

Mzee wa Duka

Mtaani kwangu nawajua wawili wanaokwenda kuifuata mbali. Nipe jina la fomu ya kuagizia, nitaongea na mfamasia wangu kesho akiwa zamu. Na nitamwambia awe anakaa.

Mfamasia wa Zamu

Nimekutumia ujumbe faragha, mzee.